Miaka Thelathini na Miezi Saba ya Kimya cha Kenjekan

Jumatano ya tarehe 14 Machi 1951, saa kumi na moja na robo alfajiri, katika kijiji kilicho kilomita tisa kutoka Kochkor mjini, alizaliwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Sabyrkul, mchungaji wa farasi wa shamba la ushirika, na mkewe Batmakan, akapewa jina la Kenjekan, kama wanavyoitwa vitindamimba wengi wa kwetu. Hati yake ya kuzaliwa inaonyesha tarehe 20 Machi, ambayo ndiyo siku baba yake alipopata nafasi ya kushuka ofisini kumwandikisha, lakini dada yake, bibi Sayrakan, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita na ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, amethibitisha tarehe 14, na familia inaomba tarehe hiyo ndiyo ichongwe kwenye jiwe.

Marehemu alianza shule ya kijiji tarehe 1 Septemba 1958, akamaliza darasa la kumi mwezi Juni 1968 akiwa wa kwanza katika fizikia na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo mwenyewe alipenda kulitaja, kwa sababu sauti yote ya nyumba ile ilikuwa imechukuliwa na dada yake. Bibi Sayrakan alikuwa muombolezaji anayefuatwa kutoka vijiji vinne, akikaa ndani ya hema la msiba, ameupa mgongo mlango na kuuelekea ukuta, anaweza kumsifu aliyefariki kwa mashairi kwa saa nzima bila kurudia ubeti, na mdogo wake, kila walipokaa bega kwa bega, alikuwa akifumbua mdomo tu.

Kuanzia Septemba 1968 hadi Juni 1973 alisoma uhandisi wa redio katika chuo cha ufundi cha Frunze, mji ambao leo ni Bishkek, na tarehe 1 Agosti 1973 akaajiriwa na redio ya jamhuri kuwa fundi wa sauti, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa na miezi mitano. Huko ndiko alikojifunza kukata kanda na kuziunganisha, kuzungusha sauti polepole hadi kengele ya kondoo ikawa nzito kama ngurumo, na mwaka 1979 alijiundia kwa mikono yake kinanda cha umeme kutokana na vipuri vya redio zilizotupwa, akaanza kutunga muziki usio na maneno wala ngoma, unaokaa mahali pamoja kama ukungu unavyokaa bondeni.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Jumadil Asanaliev, daktari wa mifugo, na tarehe 3 Mei 1978 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Kanyshay, ambaye ni mwalimu wa hesabu na yuko hapa pamoja nasi na mumewe na watoto wao watatu. Marehemu mume wake, aliyetangulia tarehe 11 Januari 2009, alimpenda sana na muziki wake hakuuelewa hata kidogo, ilikuwa kawaida yake kukaa na chai yake mbele ya kile kinanda, akasikiliza robo saa nzima kwa heshima, kisha akauliza, "Mama Kanyshay, huu wimbo unaanza lini?" naye akajibiwa, "Umeshaisha, baba, kunywa chai."

Mwanzoni mwa mwaka 1981 mkuu wake wa kazi alihitaji kitu cha kujaza dakika moja na sekunde arobaini kabla ya utabiri wa hali ya hewa wa wachungaji, akamwambia, "Niwekee chochote, mradi kisimwamshe mtu," na tarehe 2 Februari mwaka huo muziki wa Kenjekan Sabyrkulova ukasikika hewani kwa mara ya kwanza, ukaendelea kusikika kila siku, mchana na jioni, kwa karibu miaka kumi na miwili, bila jina lake kutajwa hata mara moja. Wengi wenu mlioko hapa mnaweza kuuimba. Baadaye zilitoka kanda zake tatu, "Maji Chini ya Barafu" mwaka 1982, "Malisho ya Juu" mwaka 1985 na "Waya na Upepo" mwaka 1989, ambazo zilinakiliwa kutoka mkono hadi mkono mpaka Almaty, Riga na Berlin.

Familia sasa inaomba usikivu, kwa maana yameandikwa mengi kuhusu kwa nini alinyamaza. Gazeti moja liliandika kwamba alihamia Ujerumani, jingine kwamba alirukwa na akili, na mwaka 2011 kitabu kimoja kilitaja mwaka wa kifo chake. Hakuna lililo kweli kati ya hayo, na haya yanayofuata yanasomwa kwa idhini ya bibi Sayrakan, ambaye ametaka yasomwe yote, na ameyasikiliza mara mbili kabla ya leo ili kusahihisha.

Mama yao, Batmakan, alifariki Jumanne tarehe 5 Mei 1992. Mabinti wawili walikaa ndani ya hema kama inavyopasa, mkubwa akiomboleza na mdogo akifumbua mdomo, lakini mdogo alikuwa ameficha kinasa sauti nyuma ya ukuta wa matete, kwa sababu, kama alivyokuja kueleza, alikuwa hana sauti ya kumlilia mama yake na alitaka angalau kuitunza ya dada. Kutoka kwenye kanda ile, bila kumwambia mtu, alitunga kazi ya dakika ishirini na moja, ambamo sauti ya dada yake inasikika wazi mwanzoni, kisha inanyooshwa taratibu hadi inageuka kuwa kama upepo, na Alhamisi ya tarehe 15 Oktoba 1992, saa saba na dakika arobaini mchana, ikarushwa hewani kote nchini.

Bibi Sayrakan alikuwa kisimani wakati huo, redio imeachwa rafuni ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu, na dirisha liko wazi. Majirani walisikia sauti yake, ambayo hakuna asiyeijua, ikiomboleza kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, wakafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya, wanawake wakaacha vyungu jikoni, wanaume wakaja wanakimbia huku wanalia kwa sauti kubwa, wakiliita jina la mzee wa nyumba, Osmon, mume wa bibi Sayrakan, wakamkuta uani anapasua kuni. Osmon akaweka shoka chini na kuuliza, "Jamani, nani amefariki?" Wakatazamana, mpaka jirani mmoja akasema, "Wewe, kaka. Samahani." Alicheka sana siku ile, akawakaribisha wote chai na mkate, akamwambia mkewe aliyerudi na ndoo zake, "Haya, mama, angalau nimeona watakaokuja." Siku kumi na tisa baadaye, Jumanne tarehe 3 Novemba 1992, farasi wake aliteleza kwenye barafu ya kivuko, na Osmon akafariki papo hapo akiwa na miaka hamsini na miwili.

Siku hiyo wanawake walimsubiri mjane aanze maombolezo, naye hakuanza. Alipoulizwa alisema, "Nilishamlilia, redioni," na tangu hapo hakuomboleza kwa ajili ya mtu yeyote. Siku ya saba ya msiba, tarehe 9 Novemba, alimwita mdogo wake nyuma ya zizi, akamwambia, "Wewe ni mdogo wangu, siwezi kukukana, njoo kwangu, kula kwangu, watoto wangu ni wako, ila muziki wako usisikike tena popote mimi nikiwa hai." Marehemu hakujitetea wala hakuuliza hata mara moja kama kanda inaweza kumwangusha farasi, alijibu, "Sawa, dada," na tarehe 31 Desemba 1992 akaacha kazi redioni, baada ya kuomba muziki wake wa hali ya hewa uondolewe.

Kuanzia mwaka 1993 hadi 2016 alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni katika soko la Osh hapo Bishkek, na wateja wake wengi hawakujua walikuwa wakihudumiwa na nani. Barua zilimfikia kutoka nchi saba, zote tumezihesabu, ni mia moja na arobaini na tatu, na kila moja aliijibu kwa mkono wake kwa sentensi moja, kwamba Kenjekan Sabyrkulova hapigi kwa sasa. Kanyshay alimwuliza siku moja, "Mama, miaka ishirini ndiyo kwa sasa?" akajibiwa, "Niache, mwanangu, wewe fundisha hesabu." Akina dada hawa waliendelea kutembeleana kila mwezi, wakipika na kushona matandiko pamoja, wala neno muziki halikutamkwa kati yao.

Marehemu alianza kuumwa Septemba 2022, na tarehe 6 Machi 2023 alilazwa katika hospitali mojawapo ya Bishkek, ambako madaktari walibaini saratani ya ini. Jumapili ya tarehe 12 Machi bibi Sayrakan alisafiri kwenda kumwona, akamkuta amelala, na kwenye kitanda cha pili mama mmoja wa At-Bashy, aitwaye Uulkan, mchungaji wa kondoo, anafuma soksi huku akivumisha kitu kwa mdomo uliofungwa. Bibi Sayrakan aliutambua ule muziki, akauliza, "Mama, hiyo unayoimba ni nini?" Uulkan akasema, "Hii? Hii ni ya hali ya hewa, ya zamani. Mwaka themanini na nne betri yangu ilikuwa inakufa, niliusikia muziki peke yake, maneno hayakufika. Nikasema, kama ni saa ya muziki, na mawingu ndiyo haya, mimi siyangoji maneno. Nikashusha kondoo mia nne. Theluji ilifunga njia nyuma yangu kabla sijafika chini. Walioiondoa redioni, Mungu anawaona."

Bibi Sayrakan akasema, "Aliyeitunga ndiye huyo amelala." Uulkan akamtazama mgonjwa. "Huyu? Wanasema alikufa." "Bado," alisema bibi Sayrakan. "Alikuwa anasubiri ruhusa yangu." Mdogo wake alipoamka, alimwambia mbele ya yule mama, "Mdogo wangu, nilikuwa natafuta wa kumlaumu kwa Osmon, na wewe ulikuwa karibu. Piga." Marehemu alisema, "Dada, vidole vimekuwa vizito." Naye akajibiwa, "Muziki wenyewe ni wa polepole, nani atajua?"

Jumamosi ya tarehe 17 Juni 2023, saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini, miezi saba na siku nane, Kenjekan Sabyrkulova alipanda jukwaani katika nyumba ya utamaduni ya Kochkor, ukumbi wenye viti mia tatu na kumi na viwili, watu wakiwa wamekaa hadi kwenye ngazi, miongoni mwao vijana waliotoka Tashkent, Berlin na Osaka, na wachungaji walioshuka na kofia zao. Alianza na dakika moja na sekunde arobaini za hali ya hewa, na ukumbi mzima, kabla hajafika nusu, ukawa unauvumisha naye kwa midomo iliyofungwa. Kisha akapiga kazi mpya kwa dakika hamsini na nane, akiwa ameketi kwa sababu ya maumivu, wala hakukosea mahali. Alipomaliza, watu hawakupiga makofi mara moja, ila mzee mmoja wa nyuma aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo kesho kuna mvua?" na marehemu akajibu kwenye kipaza sauti, "Chukua koti, kaka." Hatujawahi kuona uso wake uking'aa hivyo. Kazi hiyo aliimaliza kuirekodi tarehe 30 Agosti, nayo imebaki kamili, kwa jina la "Kwa Idhini ya Dada."

Hali yake ilibadilika mwezi Oktoba, akaomba aletwe Kochkor, na Alhamisi ya tarehe 16 Novemba 2023, saa tisa na dakika ishirini alasiri, alifariki katika nyumba ya dada yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi minane na siku mbili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kanyshay.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, mama Uulkan, aliyesafiri kutoka At-Bashy na yuko ndani ya hema na wafiwa, na majirani waliosimamisha hema, waliochinja, waliochota maji na kuwapokea wageni. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa redio, na hasa wawili waliofika jana Ijumaa, saa mbili asubuhi, wakiwa na kinasa sauti ili kupata maneno ya waombolezaji kwa ajili ya taarifa ya habari, kwa maana walipoona bibi Sayrakan anaingia hemani, walikizima wenyewe, wakakirudisha kwenye mkoba na kusimama pamoja na wanaume wengine.

Bibi Sayrakan, mwenye umri wa miaka sabini na minane, alikaa, akauelekea ukuta, akaomboleza ubeti mmoja kwa sauti ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisikia kwenye simulizi tu, kisha akakatiza. Aliuliza bila kugeuka, "Wale wa redio wako wapi?" Mmoja akajibu kutoka nje, "Tuko hapa, mama." "Mashine inafanya kazi?" "Tumeizima, mama." Akasema, "Iwasheni. Safari hii aliyekufa amekufa kweli, na majirani wote wameshafika." Aliagiza upande mmoja wa hema ufunuliwe, akangoja hadi alipoambiwa kwamba mashine inarekodi, na hapo ndipo alipoanza upya, kutoka ubeti wa kwanza, akimtaja kwa jina lake kamili na kwa kazi yake, na kwa sauti hiyo hiyo sisi sote tunakuaga, Kenjekan binti Sabyrkul, upumzike salama.