Kovu la Nani

Ndani ya treni, kinyozi aliketi nyuma ya vichwa viwili. Kimoja kilikuwa kipara kisicho na doa, cha kaka mtu. Cha pili, cha mdogo wake, kilikuwa kimenyolewa karibuni na kilikuwa na kovu refu kisogoni. Vichwa hivyo vilikuwa vikibishana tangu vilipopanda treni.

"Aliyeporomoka kwenye ngazi utotoni ni mimi," alisema kaka. "Nakumbuka damu ilivyokuwa ya moto viganjani. Nakumbuka mama alivyopiga yowe. Wewe unakumbuka nini?"

"Sikumbuki kitu. Lakini kovu si ninalo mimi, kaka?"

"Hilo la jipu."

Kinyozi aliuma midomo. Makovu ya majipu ameyapitishia mashine miaka nenda miaka rudi, na hili halikuwa mwenzao. Lakini ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Naye jembe hana, akatazama dirishani.

"Mama angetuamulia," alisema mdogo mtu taratibu.

"Mama tumemzika juzi. Sasa nani atatuambia?"



Mara treni ikafunga breki kwa kishindo. Abiria wakayumba, na kabla kinyozi hajashika kiti, mkono wa kaka ulikwisha ruka nyuma, ukadaka kichwa cha mdogo wake. Hakugeuka hata kutazama. Kiganja kilitua barabara juu ya kovu, kikalibana, kama kinachozuia damu isimwagike.

Treni ikasimama. Kiganja hakikuondoka.