Mtunza Kadi wa Bugandala: Leodgar Thobias Lugwisha, 1938–1988

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, Bwana Mganga Nassibu Hatibu uliyefunga safari jana kutoka Kambarage, Shinyanga, ukafika na vumbi lako hata hukutaka kunawa kwanza, wafanyakazi wa zahanati, majirani na ninyi nyote mliokaa nasi msibani hapa, mimi ni Donatus Thobias, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya kaka yangu. Naomba mnivumilie, kwa sababu katika karatasi hii kuna mahali nami nimo, na simo kwa wema.

Marehemu Leodgar alizaliwa hapa hapa Bugandala tarehe 2 Oktoba 1938, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Thobias Lugwisha, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, jina ambalo bibi yetu hakuweza kulitamka hadi alipokufa. Alisoma shule ya msingi ya misheni Ushirombo kuanzia mwaka 1947 hadi 1950, kisha shule ya kati kuanzia 1951 hadi 1954, ambako hakuwa wa kwanza kwa hesabu wala kwa mpira, bali kwa mwandiko, mwandiko uliolala sawasawa kiasi kwamba vijana wa rika lake walipotaka kuandika barua za uchumba walimwendea yeye. Wapo kina mama hapa walioposwa kwa barua zile na mpaka leo wanaamini waume zao ndio waliozitunga, na kaka yangu aliwaacha waamini hivyo, hata mimi nilipombembeleza anitajie mmoja tu.

Baada ya mafunzo ya udresa ya miaka miwili katika hospitali ya misheni, aliajiriwa katika zahanati yetu ya Bugandala tarehe 2 Januari 1958, kufunga vidonda asubuhi na kutunza kadi za wagonjwa siku nzima. Vijana hamkuyaona mambo ya wakati ule, kadi zilikaa katika sanduku la chai lisilo na kifuniko, karani alisimama dirishani akaita jina la mtu, jina la kijiji chake na ugonjwa wake kwa sauti ya mnadani, ili asije akajitokeza mtu mwingine mwenye jina kama hilo, na watu waliokaa kwenye mabenchi waligeuza shingo wote kwa pamoja. Marehemu alikuta utaratibu huo, na miezi michache ya kwanza aliufuata, halafu akaacha kutaja ugonjwa, akidhani kwamba hapo siri ya mgonjwa imetimia.

Alifunga ndoa takatifu na Tereza tarehe 27 Julai 1963, Mungu akawajalia watoto watatu, Damian aliyezaliwa mwaka 1964, Selestine mwaka 1967 na Januari mwaka 1970, na hadi anafariki alikuwa na wajukuu wawili.

Sasa nafika mwaka 1966, na hapa naomba utulivu. Wakati ule zahanati haikuwa na njia ya kuwapata wagonjwa waliokaa mbali ila moja, nayo ni kanisa. Karani aliandika majina ya wanaotakiwa kurudi, akampa katekista, na baada ya misa katekista akayasoma pamoja na matangazo ya ndoa, ya mbuzi waliopotea na ya zamu za kufagia. Jumapili ya tarehe 9 Oktoba katekista alisoma kwa mara ya pili tangazo la ndoa ya binti mmoja wa miaka kumi na tisa, na mwenye pingamizi akaulizwa, na hakuna aliyesema neno, shangazi zake wakapiga vigelegele vya chinichini pale pale kwenye mabenchi. Kisha katekista akageuza karatasi, akasoma ya zahanati, akataja jina lile lile, kwamba afike siku ya Alhamisi bila kukosa. Karatasi hiyo aliiandika kaka yangu kwa mwandiko wake mzuri. Hakuandika ugonjwa. Alijua kwamba kipimo cha ngozi ya yule binti kimerudi, alijua kwamba tiba ikiwahi ataokoka mzima na vidole vyake vyote, akaona ni dhambi kumchelewesha hata wiki moja, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa haraka hiyo. Ila Bugandala nzima, mpaka mtoto wa darasa la kwanza, ilijua kwamba Alhamisi ndiyo siku anayokuja mhudumu wa ukoma na pikipiki yake.

Jumapili iliyofuata tangazo la tatu halikusomwa. Wenye mahari walikuja kudai ng'ombe wao siku ya Jumatatu, mchana kweupe, wakawaswaga kupita katikati ya kijiji, na kata ya maji aliyokuwa akinywea yule binti nyumbani kwao ikavunjwa na mtu wa nyumba ile ile. Kabla Novemba haijaisha alikuwa ameondoka, hakuna aliyejua aendako, na vidonge vyake vilibaki zahanati.

Kaka yangu hakula vizuri kwa muda mrefu. Mama Damian ndiye shahidi, alidhani mumewe amerogwa. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Alimwendea Bwana Mganga Nassibu, wakati ule mkuu wa zahanati yetu, wakakubaliana kwamba siku za magonjwa zife, vidonge vya ukoma na vya kifua vitolewe siku yoyote katika bahasha moja na vya malaria, kila mgonjwa apewe namba yake na dirishani iitwe namba tu, kanisani jina la mgonjwa lisisomwe tena kamwe, na kadi zihamie kwenye kabati lenye kufuli, ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Watu walimcheka, wakasema Leodgar anafungia karatasi kana kwamba ni dhahabu. Wakati wa kuhamia vijijini mwaka 1974, wengine walipobeba mabati na kuku, yeye alisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya kadi, akakataa kusaidiwa hata na balozi wetu wa nyumba kumi, akisema mwenye kujua kusoma ndiye hasa asiyepaswa kuyabeba.

Na dhahabu yenyewe ilipoanza kuleta watu huku kwetu, walikuja wenye maduara, yaani wenye mashimo, wakitaka kujua kibarua gani anatapika damu ili wamfukuze mapema. Mmoja wao alishuka kwenye Landrova mwaka 1980, akauliza habari za kijana wake kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa. Marehemu akamjibu, "Mzee, yule kijana ana mdomo. Muulize yeye." Yule tajiri akasema kwamba yeye ndiye anayemlisha. Kaka yangu akamwambia, "Basi umemlisha chakula, hujamnunulia kadi," akafunga dirisha, na siku hiyo ndugu zake tulimwona mpumbavu, maana mtu yule angeweza kutufaa.

Upumbavu wetu sisi ulikuwa mkubwa zaidi. Tangu katikati ya mwaka 1967 marehemu alikuwa akipanda basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, anakwenda Kahama, anarudi Jumapili kabla ya misa ya pili, na hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini. Mwaka wa kwanza tulisema ni dawa za zahanati anafuata, mwaka wa pili tukasema labda ana biashara ya mchele, na penye watu hapakosi maneno, kwa hiyo mwaka 1976 mtu wa Runzewe alipomwona akiingia kwa mlango wa uani katika mgahawa mmoja karibu na stendi, na mwenye mgahawa ni mwanamke asiye na mume, hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Mama Damian alirudi kwao Ushirombo mwezi Mei pamoja na mtoto mdogo. Kikao cha ukoo kilikaa tarehe 21 Agosti 1976, na aliyesema sana siku hiyo ni mimi. Nilimwambia kaka yangu, mbele ya wakwe zake, kwamba amemvua nguo marehemu baba yetu hadharani. Nilimwambia kwamba mtu anayejua siri za kila mtu ni rahisi kumpata mwanamke wa kumtisha. Yeye aliketi, mikono juu ya magoti, akajibu maneno machache tu, "Siendi kwa ubaya. Zaidi ya hapo si langu kusema." Tulimbana mpaka jua likazama, hakuongeza neno. Aliondolewa katika halmashauri ya kanisa, Mama Damian alirudi mwezi Septemba kwa ajili ya watoto, akampikia na kumfulia miaka kumi na miwili, lakini alimwita Karani, kama watu wa nje. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, kaka yangu akapanda basi.

Alianza kuugua Februari 1987, akalazwa Shinyanga mara mbili, akarudishwa nyumbani mwezi Aprili mwaka huu. Ugonjwa ulikuwa figo, na nautaja kwa kuwa mwenyewe alinipa ruhusa, akasema nikinyamaza mtabuni jambo baya zaidi.

Jumamosi ya tarehe 4 Juni, saa nane mchana, alishuka kwenye basi la Kahama mama mmoja mtu mzima, amevaa vizuri, ana kikapu cha mchele, akabisha hodi, akamwamkia Mama Damian, na alipokaribishwa kiti hakukaa. Mama Damian alimtambua kwa maneno ya watu, akabaki ameshika mlango. Marehemu alikuwa amelala sebuleni, hana nguvu ya kugeuka, lakini alipoona yule mama anafungua kinywa aliinua mkono kumzuia, mkono ule ule uliokuwa unashindwa kushika kikombe. Yule mama akamwambia, na mimi nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu, "Shusha mkono, Karani. Kadi ni yangu, leo naisoma mwenyewe."

Akatusimulia. Kwamba yeye ndiye binti wa matangazo yale. Kwamba alipokimbilia Kahama aliacha dawa kwa kuogopa kuonekana, na baada ya miezi saba Leodgar alimpata, akapiga magoti kwenye jiko lake kuomba msamaha, naye akamjibu, "Usinipigie magoti, niletee vidonge." Basi alivileta, kwa ruhusa ya Bwana Mganga, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, miaka kumi na minne, akiingia kwa mlango wa uani kwa sababu yule mama anapika na kuuza chakula, na kama neno ukoma lingefika stendi, hakuna dereva angekula sahani yake tena. Alipona kabisa tarehe 7 Februari 1981, hana kidole kilichopungua, na habari za kikao chetu hakuzijua hadi mwezi uliopita, aliposikia wasafiri wa Runzewe wakimsengenya mgonjwa wakati wanakula chakula chake. Alimwuliza kaka yangu kwa nini hakumwambia hata mkewe. Marehemu akasema, kwa sauti tuliyolazimika kuinama ili tuisikie, kwamba alikwisha kumtangaza mara moja.

Mama Damian alikaa chini sakafuni, akashika miguu ya mumewe, akalia kilio ambacho sijakisikia hata jana. Siku kumi zilizobaki alimlisha kwa mkono wake, akamwita Baba Damian. Marehemu alifariki dunia jana, Jumanne tarehe 14 Juni 1988, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Nilipoandika karatasi hii niliacha nafasi tupu mahali pa jina la yule mama, nikaona nimefanya vyema. Yeye ndiye aliyekataa. Nilimwuliza mara tatu, mara ya mwisho asubuhi ya leo mbele ya Baba Paroko, akasema safari ile hakuulizwa, safari hii ameulizwa, basi litajwe. Ni Salvina binti Kasogela, wa Bugandala. Ameketi pale mkekani, mkono wa kushoto wa Mama Damian, na Mama Damian ametaka wote mjue kwamba wakati wa kutia udongo watatangulia wao wawili kabla yetu sisi ndugu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga, Bwana Mganga Nassibu Hatibu, ambaye naye alijua yote na akavumilia kuitwa mshenga wa uzinzi, wafanyakazi wa zahanati, majirani mliochota maji na kuchanja kuni, na vijana wa jumuiya mliochimba kaburi tangu jana jioni.

Kaka, nilikusema mbele ya watu, kwa hiyo siwezi kukuomba radhi pembeni. Nilikosea. Kila neno nililolisema tarehe 21 Agosti 1976 nalirudisha hapa, mbele ya wakwe zako na watoto wako, na kama wapo waliokuwepo siku ile wakacheka, nawaomba nao waitikie kimoyomoyo. Nenda, Baba Damian, upumzike kwa amani.