Muungano wa Ferran

Kila asubuhi katika basi la mtaa wetu wa Poble-sec huwa ninafumba macho hadi nifike kazini. Leo nilishtuliwa na mama mwenye mfuko wa mikate. "Kumbe waheshimiwa nao hupanda basi!"

Alimlenga Ferran, aliyeongoza chama chetu cha wapangaji hadi alipoungana na chama cha wenye nyumba ili aingie baraza la jiji.

"Dada Remei, usinianze asubuhi yote hii. Nyumba hazitoshi. Bila muungano hatujengi."

"Yangu inanitosha mimi na mama yangu. Ila kesho tunatolewa, wapangishwe watalii."

"Nitaongea na wenzangu."

"Hao hao wanaonitoa?"

Sisi abiria tukageukia madirishani, kama watu wenye adabu. Ferran akaahidi wakili, chumba, hata nafasi katika jengo ambalo halijachimbiwa msingi. Basi liliposimama, Remei alikanyaga ngazi, kisha akageuka.

"Sitaki chumba, Ferran. Ulipokuwa unatolewa wewe, mtaa mzima tulikaa mlangoni kwako mpaka polisi wakaondoka. Nataka kesho uje ukae mlangoni kwangu, hao wenzako wakuone."