Sifuti Mtu Ukutani

Bwana asifiwe, watu wa juu! Bwana asifiwe, watu wa bondeni! Nawasalimu wote kwa pamoja, na anayetaka kukasirika akasirike.

Naitwa Eliwaza, fundi wa kuchora mabango pale Lushoto mjini. Nasali hapa Magamba tangu nilipoolewa. Ndugu zangu, mnakumbuka tulivyokuwa. Kanisa jipya lijengwe juu karibu na msitu, au bondeni karibu na barabara? Kwa hilo tu tulivunjika! Kwaya ikawa mbili. Watu wakapishana njiani na mizigo ya kabichi kichwani bila hata shikamoo. Kaka yangu alikuwa wa juu, wakwe zangu wa bondeni, nami nikawa mtu wa hofu. Mlango ukigongwa, nazima taa.

Hapo ndipo mchungaji aliponiomba nichore ukuta wa nyuma ya madhabahu, humu kwenye kanisa letu la zamani. Nikamchora Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Lakini wanafunzi niliwapa sura zetu! Wa juu na wa bondeni, benchi moja, matope ya shambani bado miguuni.

Moto ukawaka! Wa juu wakaja: "Wafute wale wa bondeni." Wa bondeni nao: "Wafute wale wa juu." Walipatana kwa jambo moja tu, kwamba mimi nimekosea! Jumapili moja nikakuta picha yote imemwagiwa chokaa.

Ndugu zangu, nililia. Nikapiga magoti mbele ya ukuta ule, nikasema, "Bwana, naogopa." Nilipoinuka, hofu haikuwepo. Sijui ilitoka kwa mlango gani! Nikafungua milango yote ya kanisa ili kila mtu aone, nikashika brashi, nikaanza upya.

Nilipofika kwenye nyuso akaingia wifi yangu, Mama Upendo, kiongozi wa akina mama wa bondeni, ndoo ya chokaa mkononi.

"Wifi, nani kakuruhusu kuniweka karibu na Mama Eliasi?"

Mama Eliasi ni wa juu. Walikuwa marafiki tangu usichana, lakini siku hizo hawakuwa wakisalimiana.

"Ndipo ulipokuwa ukikaa siku zote," nikamjibu. "Mwaga chokaa yako! Ukimwaga nitachora. Ukirudia nitarudia. Hata chokaa iishe Lushoto nzima, mimi sifuti mtu!"

Akaitazama picha. Kisha akatua ndoo chini.

"Basi angalau nirekebishie pua. Hiyo si yangu."

Akakaa nimchore. Habari zikapanda mlimani haraka. Mama Eliasi akashuka mbio kuona kama naye amechorwa vibaya. Akaketi palepale benchini. Wakaikodolea picha macho wote wawili. Mwisho Mama Eliasi akanyoosha kidole ukutani: "Ifupishe kidogo. Pua yake mimi naijua."

Wifi akacheka, mara akalia, wakakumbatiana mbele yangu. Haleluya!

Namshukuru Mungu aliyeniondolea hofu. Wapo ambao hadi leo hawajarudi, na wananitumia maneno makali. Nawajibu hapa madhabahuni: nyuso zenu zipo, sizigusi! Nawe uliyesimama nje dirishani, ukisikiliza huku ukiona aibu kuingia, mtegemee Yesu aliyeinama. Hakuuliza mguu umetoka upande gani. Ingia! Aliye benchini atasogea. Asiposogea, niite mimi.