Karatasi ya Chupa ya Dawa

Basi la Kariakoo lilikuwa limeshaondoka Kivukoni pale mama wa Kiarabu aliyekaa mbele yangu alipoinamia chupa iliyokuwa mapajani mwa Manubhai, muuza sabuni wa mtaa wa Mchafukoge. "Bwana, karatasi hii imeandikwa nini?"

"Sumu, mama. Maji makali ya kufulia. Serikali imeamuru kila chupa ibandikwe, nasi tumebandika." Alisema kwa fahari ya mtu asiyemwogopa bwana afya.

Mama akapitisha kidole juu ya neno lililoandikwa pale kwa Kiingereza, kutoka kulia kwenda kushoto, kama tunavyosoma Kurani. "Yangu ilikuwa na karatasi kama hii. Niliiweka kando ya mtungi. Azza, mwanangu, akadhani maji, akanywa."

Manubhai akaigonga karatasi kwa kidole. "Lakini karatasi ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Na mimi kusoma najua, Kurani nimehitimu. Serikali ilikuwa ikimwandikia nani?"

Nikatazama nje, kana kwamba naulizwa mimi. Basi liliposimama sokoni, Manubhai akamnyooshea kalamu. "Basi niandikie hapa 'sumu', kwa herufi zenu."

Akaandika taratibu, akashuka. Manubhai, asiyezijua herufi hizo, alimshukuru kwa kumwitia dirishani. Mimi nilizisoma. Alikuwa ameandika Azza.