Kiti cha Nyuma Sikukikalia

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika chache za ushuhuda. Akianza kutazama saa mvumilieni, maana mimi sitamtazama.

Mnanijua. Mimi ni mwanafunzi, na siku zisizo na masomo nawatafsiria wafanyabiashara wetu hapa mtaani Xiaobei. Mwaka jana, nyumbani Kenya walipokuwa wakibishana juu ya katiba mpya na kile kifungu cha kulegeza sheria ya utoaji mimba, sisi hapa tulifunga na kuomba kisipite. Mimi ndiye niliyeongoza maombi yale. Nilipaza sauti mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Na wakati huo nilikuwa na mimba, walioijua ni mimi na mwanamume mmoja tu. Simtaji. Nasema tu kwamba nilipomwambia, aliinama juu ya kinanda chake akajibu, "Maliza hiyo kitu kabla watu hawajajua."

Mnaijua desturi yetu. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa anatolewa kwaya, anakalishwa safu ya nyuma karibu na mlango, wala hashiriki Meza ya Bwana mpaka ajifungue na kutubu mbele ya watu. Tuliileta kutoka nyumbani ndani ya mabegi pamoja na unga wa ugali. Nilishamwona dada mmoja akikaa pale, watu wakimpita bila salamu, na aliyempa mimba akikusanya sadaka. Nikasema mimi sitaweza.

Nikaenda hospitali kuitoa. Hapa China jambo hilo halinong'onwi. Daktari alinitazama kama mtu mwenye mafua, akauliza, "Yao bu yao?" Unataka au hutaki? Swali hilo nimewatafsiria sokoni kila siku, kwa viatu, kwa mapazia. Siku hiyo nilimwomba alirudie mara mbili. Akaniambia nikakae nje nifikirie.

Nilipaswa kuwa sokoni na mteja wangu, mama mmoja wa Mombasa. Akanipigia simu kwa ukali: "U wapi wewe? Hawa wanizungusha tu na bei zao!" Nikaangua kilio. Hakuuliza mengi, ila jina la hospitali. Alikuja kwa teksi, amevaa buibui lake, akakaa kando yangu. Nilipomweleza nilitarajia kuhubiriwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "waogopa mtoto ama waogopa watu?"

"Naogopa watu, mama."

"Basi nyanyuka tukale. Ukitaka kurudi hapa kwa sababu yako mwenyewe, nitakuleta mimi. Kwa sababu ya watu, hapana."

Sikurudi.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mzee mmoja wa kanisa alinisubiri kabla ya ibada akanionyesha safu ya nyuma kwa kidole, hata jina langu hakulitaja. Ndugu zangu, nawaambia, niliwaka! Nikampita, nikaenda kusimama na kwaya. Kinanda kikanyamaza. Mnakumbuka nilichosema? "Mliniambia niombe watoto wasitolewe. Wangu huyu hapa. Mbona mnamwekea kiti mlangoni?" Nikaanzisha wimbo peke yangu. Nikauimba ubeti wa kwanza wote. Kwenye ubeti wa pili dada mmoja akaingia na sauti ya pili, kisha mwingine. Kama kuna anayengoja niombe radhi kwa siku ile, atangoja sana.

Nawashukuru akina dada mlionipikia uji wa wimbi, mkapokezana kumshika mtoto nikiwa darasani. Namshukuru yule mama wa Mombasa. Amekuja tena kununua mali, na sasa hivi yuko kwenye jengo la maduka la Tianxiu na binti yangu, na bila shaka anamlisha biskuti nilizomkataza. Hata yule mzee namshukuru. Alileta nepi, akaziacha mlangoni kwangu akakimbia. Usijifiche mzee, tulikuona dirishani.

Sasa katiba imepita na kifungu kimo. Nawasikia mkisema tumeshindwa, mkiulizana tutaandika malalamiko wapi, tutaandamana na nani. Mimi nilikwenda hospitali wakati sheria ya zamani ingali pale pale nyumbani. Haikunishika mkono kunizuia. Walionisukuma kule ni sisi, na kiti chetu. Wale mliompa daktari jibu la "sitaki", siwahukumu. Najua mlikuwa peke yenu. Lakini kama kweli tunatetea uhai, basi kazi yetu haiko bungeni. Iko humu ndani ya chumba hiki tunachosalia, na hakuna katiba inayotukataza kuifanya.

Jumapili iliyopita mlimkalisha dada mwingine kule nyuma. Mliimba, mlisali, mkampita mkaenda kula. Leo jambo hilo halipiti.

Dada yangu, chukua mkoba wako. Njoo ukae hapa mbele, karibu nami. Usiwatazame, nitazame mimi.

Mchungaji, ibada itaendelea akishafika.