Mkono Alioufunga Vibaya Mzee Romano
Na Topista Namono, kitengo cha usafi

Miaka thelathini na mmoja Mzee Romano Mafabi amewafunga plasta waliovunjika mifupa hospitalini kwetu hapa Jinja, tangu 1967. Tarehe 30 Juni 1998 anavua koti jeupe na kurudi kwao Mbale.

Sisi wa usafi tunamjua sana, maana unga wake wa plasta tunaukwangua sakafuni kila siku. Watoto nao hawamwogopi. Wangu alifungwa mguu huku anacheka, akachorewa kuku juu ya plasta.

Liko jambo ambalo wakubwa wetu husimulia. Mwaka 1981, vita vya 1979 vimekwisha, wachimba msingi kule Mafubira walikuta mifupa ya kijana. Zikaja familia mbili. Mama Hajarah wa Mafubira na Mzee Semei wa Budondo walikuwa wamenyang'anywa wana wao na wanajeshi siku ileile, vijana wakapakiwa lori moja, wasionekane tena. Vijana wote wawili walikuwa wamevunjika mkono wa kushoto: Yakub wa Hajarah wiki tatu kabla ya kuchukuliwa, Isabirye wa Semei mwaka mzima kabla. Mafaili yalikuwa yameungua vitani. Afande wa polisi aliona jinsi mama anavyolia, akamwambia huyo ni mwanawe, alete sanda.

Romano akaomba kuushika ule mkono. Mfupa wa wiki tatu, alisema, unakuwa haujashikana sawasawa. Huu ulikuwa umeungana kabisa, una nundu ngumu, tena umepinda. Mwenye mkono huo aliishi miezi mingi baada ya kuvunjika.

"Wewe si daktari, wewe ni wa plasta tu!" afande akamkatiza.

"Ndiyo, afande. Huu niliufunga mimi, na niliufunga vibaya."

Mkubwa wake wa hospitali alimkanyaga mguu chini ya meza, maana neno hilo lingeweza kumfukuzisha kazi. Mzee hakunyamaza. Isabirye akazikwa Budondo. Mama Hajarah akarudi nyumbani na sanda yake, bado imekunjwa.

Tangu hapo Mzee huchora daftarini kila mfupa anaoufunga, ukinyooka au ukipinda. Kwa michoro hiyo watu sita wengine wamerudishiwa majina yao.

Mzee wetu, asante sana. Ukapumzike, ulime vitunguu vyako, Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha. Ila Mama Hajarah bado anakuja chumba cha plasta kila ikisikika mifupa imepatikana. Tulimwambia unahama, akasema atakufuata hukohuko Mbale. Tumemwelekeza kwako. Tafadhali, akibisha hodi, mfungulie.